Maneno Aliyoambiwa Mbwa

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: unaweza kukaa nyumba moja na mtu miaka nenda rudi, ukamfulia, ukampikia, ukakijua kikohozi chake cha asubuhi na cha jioni, na bado usimtazame usoni? Utasema haiwezekani. Basi njoo huku kwetu Masoko, upande wa juu ya ziwa, uulize habari za Felista na baba mkwe wake, Mzee Abrahamu.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto wako humtazami, naye hakutazami. Mkikutana njiani anaingia migombani mpaka upite. Chakula anakiweka juu ya kigoda nje ya mlango wako, anakohoa, anaondoka, ndipo wewe unatoka kukichukua. Kusemeshana hakuna. Kucheka pamoja ndiyo usiseme. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini. Wanashikana mikono na wakwe zao na kupiga picha harusini wamekumbatiana. Lakini Mzee Abrahamu hakuwa wa siku hizi.

Felista hakuzaliwa huku. Kwao ni Makambako. Siku Godwin, mtoto wa mzee, alipomleta kumwonyesha nyumbani, alivaa gauni la bluu lenye maua ya njano, na kichwani kitambaa kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Hakuna aliyemwonya. Sijui Godwin alisahau, sijui aliona haya. Felista akamwona mzee wa watu ameketi kibarazani na kofia yake, akamwendea mbio, akapiga goti, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akamtazama machoni.

"Shikamoo baba. Nimefurahi kukuona."

Watu waliokuwa wanakunywa chai waliacha vikombe hewani. Shangazi Subilaga, dada wa mzee, alipiga yowe kama aliyekanyaga nyoka. Mzee akauchomoa mkono wake, akainuka, akaenda zake migombani, na hakurudi mpaka wageni walipokwisha kula na vyombo vimeoshwa.

"Huyo ni mke au ni polisi?" Subilaga alisema, na kila mtu alisikia. "Kamshika mtu mkono kama anamtia pingu!"

Ndivyo Felista alivyoingia katika nyumba ile. Tangu siku hiyo mzee aliukaza mwiko kuliko hata baba yake alivyoukaza. Akisikia kanga inapita, anageukia ukuta.

Godwin akaenda Tunduma kwenye kazi za mizigo ya mpakani. Mwanzo alikuwa anarudi kila mwezi, baadaye Krismasi, baadaye zikawa zinarudi salamu tu. Kwamba huko ana mwanamke na mtoto wa kiume, hilo lilijulikana mpaka sokoni. Felista akabaki na binti yake Atupele, ng'ombe mmoja wa maziwa, kahawa, migomba, na mstari wa miparachichi aliyoipanda kwa mkono wake kuanzia chooni mpaka mtoni. Hakuomba kingine. Alitaka kitu kimoja: abaki pale, aione ile miparachichi ikizaa na mwanawe awe na mahali pa kurudi likizo. Na lililokuwa linamnyima usingizi ni kwamba kwenye simu Godwin alikuwa ameanza kusema, "Nyumba ile ni ya ukoo, mama Atupele, usijisahau." Shamba lilikuwa la mzee. Neno la mzee ndilo lingekuwa la mwisho.

Na mzee hakuwa na neno naye. Atupele alipokuwepo, yeye ndiye aliyekuwa daraja. "Mama, babu anataka maji ya moto." "Mwambie babu yanachemka." Kisha Atupele akachaguliwa shule ya bweni Mbeya, na nyumba ikakosa mdomo. Akabaki mbwa. Mbwa huyo aliitwa Dereva, kwa sababu alipokuwa mdogo kila bodaboda iliyoingia kijijini alikimbia mbele yake kama yeye ndiye anayeiongoza.

Siku moja Felista alipeleka maziwa Tukuyu, akapitia dukani kwa Tausi pale Msasani, mtaa wa huko huko Tukuyu. Tausi anauza kanga na nguo za watoto, na kwenye kona ana kompyuta anayowajazia watu filamu kwenye flashi. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mweupe.

"Shoga, umekonda kwa upweke, siyo kwa njaa," Tausi alimwambia. "Leta flashi nikutilie katuni ya Kijapani."

"Katuni? Mimi mtoto?"

"Ya mapenzi, we! Imetiwa Kiswahili. Ila nakuomba kitu kimoja, usiikatie tamaa. Mwanzo ni ya kijinga, nitakueleza ukweli wa Mungu. Kelele tupu. Mimi mwenyewe nilitaka kuifuta. Vumilia mpaka ya nne, halafu utakuja hapa kunishukuru na macho mekundu."

Jioni, Felista alipokwisha kukamua na kuchuja maziwa, akaichomeka flashi kwenye runinga. Sebule yao na chumba cha mzee vimetenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea. Katuni ikaanza. Jamaa aliyeitia Kiswahili alikuwa amewabatiza watu majina ya kwetu: msichana akamwita Sikitu, kijana akamwita Mkude. Sikitu ameachiwa na marehemu mama yake tanuri la mikate. Mkude ni mrefu, nywele zimesimama kama mkia wa jogoo. Kabla hata hujajua kinachoendelea, Mkude ameteleza, ameikanyaga mikate, amemwangukia msichana kifuani, msichana amempiga kofi, na damu ya pua ya kijana inaruka juu kama bomba lililopasuka. Wote wanapiga kelele. Mkude anamwita Sikitu kinu chenye miguu.

Felista alikuwa anatafuta kitufe cha kuzimia ile takataka, ndipo sauti ikatoka nyuma ya mbao.

"Dereva. Hivi humu ndani kuna mtu anachinjwa?"

Felista aliganda. Mzee anaongea na mbwa. Lakini mbwa alikuwa sebuleni, kalala miguuni pa Felista, na mzee alijua.

"Dereva," sauti ikaendelea, "mimi ni mzee wa kanisa. Huyo msichana hana mzazi? Na huyo kijana mtu wa kwanza kukutana naye anamtukana! Hata wewe mbwa unanusa kwanza."

Mkono wa Felista ulikuwa bado uko kwenye rimoti. Akamtazama mbwa, akasema taratibu, "Dereva, ukiona ni mbaya, vumilia mpaka ya nne. Tausi amesema."

Kule ndani kitanda kikalia, mtu anajigeuza. "Ya nne," mzee akanung'unika. "Kama tutafika tukiwa hai."

Walifika. Walifika na wakapita. Kila jioni, ng'ombe akishakamuliwa, Felista anaweka katuni na mzee anasogeza kiti chake kwenye ule ukuta. Alisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Mzee hakuona picha, alisikia sauti tu, kwa hiyo ikawa Felista anamweleza mbwa: "Dereva, sasa hapo hawasemi kitu. Mkude amesimama nje kwenye theluji. Ameshika mwavuli lakini hajaufungua." Na mzee anasema, "Mjinga huyo, Dereva. Mwavuli ni wa kazi gani?"

Ile katuni ikageuka, kama Tausi alivyosema. Kelele zilipungua. Sikitu akaugua, akalala na homa, na alfajiri mtu akawa anakuja kuliwasha tanuri, anakanda unga, anapanga mikate rafuni, anaondoka kabla msichana hajaamka. Sikitu anadhani ni mjomba wake. Anamshukuru mjomba, na mjomba, mvivu yule, anazipokea shukrani. Mkude anaona yote na hasemi.

"Kwa nini hasemi?" Mzee aliuliza, na sauti yake ilikuwa na hasira ya kweli. "Dereva, kwa nini huyu mtoto hasemi kuwa ni yeye?"

"Wanaume wengine, Dereva," Felista alijibu, "kusema wanaona kama kuvuliwa suruali sokoni."

Nyuma ya mbao mzee akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena, na Felista naye akashindwa, akajiziba mdomo na kanga, kicheko kikatokea puani. Mbwa akainuka akabweka, hajui amekosa nini.

Asubuhi yake Felista alikwenda zizini na panga lake akakate majani. Akakuta hori limejaa. Majani mabichi, yamekatwa vizuri, yamelazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nyayo za mtu anayeburuta mguu kwa goti bovu zilikuwa zimeondoka kupitia kwenye umande kuelekea mlango wa nyuma. Mchana alipika mbalaga, ndizi zile zilizokomaa vizuri, akatia maharage na maziwa ya kuganda juu yake kama mzee anavyopenda, akaweka juu ya kigoda, akakohoa. Aliporudi kuchukua sahani aliikuta imekombwa. "Dereva, ndaga fijo," sauti ikasema kutoka ndani. Asante sana, Dereva.

Felista aliipeleka sahani jikoni akiwa ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa na uhakika sasa. Siku ya siku, mzee atasema neno, naye atabaki.

Siku hiyo ikaja na mvua zake. Godwin aliteremka kwenye gari la watu na viatu vyeupe, akatia miguu kwenye tope letu, akaita kikao cha ukoo Jumapili baada ya ibada. Akaja Jotham, mdogo wake mzee, mtu wa haki lakini mpenda sheria. Akaja Shangazi Subilaga na mwavuli wake. Wakaketi sebuleni na mzee. Felista hakuruhusiwa kuingia alipo baba mkwe, kwa hiyo aliketi nje, chini ya dirisha, juu ya gogo la kupasulia kuni, maji ya bati yakidondoka mbele ya magoti yake. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya ukuta, anasikiliza.

"Kaka," Jotham alianza, "mtoto wako anasema hivi. Tunduma ana mke mwingine na mtoto wa kiume. Nyumba ya kupanga imemchosha. Anataka awalete hapa. Huyu wa Makambako, anasema arudi kwao kwa heshima, na binti ataendelea kusomeshwa. Lakini shamba ni lako. Sisi wote hapa ni wageni wa neno lako. Unasemaje?"

Felista alisogeza sikio kwenye dirisha.

Mzee alikohoa kikohozi cha jioni, kile kirefu. "Mimi nasema," alianza. "Huyu mtu tangu mmemwacha hapa amenitunza. Ng'ombe ni yeye. Kahawa ni yeye. Ile miparachichi…"

"Kaka, ngoja kwanza," Subilaga akamkata. "Kabla hujaitetea miparachichi. Mimi nina jambo, na nisipolisema litanioza tumboni. Jioni moja nilipita hapa natoka kwaya. Nilisikia kicheko. Cha mwanamume na cha mwanamke. Na humu ndani mko wawili tu."

Kule ndani mbwa akasikika anajikuna.

"Jirani yenu Mama Nkunde naye kasikia," Subilaga aliendelea. "Siyo siku moja. Wanasema kila jioni mnaongea, mnacheka, kama vijana wa Kiwira stendi. Tangu siku ya kwanza nilisema, mwanamke aliyekushika mkono mbele za watu hana mpaka. Mkaniita mgomvi."

"Baba." Hiyo ilikuwa sauti ya Godwin, na ilikuwa na kitu kinachong'ata. "Unaongea na mke wangu?"

Chini ya dirisha, Felista aliinua kichwa. Alitaka kusimama, apige kelele kuwa ni katuni, kwamba ni mkate na mwavuli na mjomba mvivu, kwamba hakuna kilichopita kwenye ule ukuta ila sauti. Lakini nani angemsikiliza yeye? Mzee ndiye wa kusema. Mzee aliyeuliza kwa nini yule kijana hasemi.

"Mimi?" Mzee Abrahamu alisema.

"Wewe, baba."

"Mimi naongea na mbwa wangu."

"Na mbwa ndiye anayecheka?" Subilaga akauliza.

"Nasema naongea na mbwa wangu!" Kiti kililia. "Mimi ni mzee wa kanisa, Subilaga, usinivue nguo mbele ya mtoto wangu. Huyo mama Atupele sijawahi kumsemesha hata neno moja. Simtazami, hanitazami. Simjui."

"Vizuri," Jotham akasema, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu anayepanga maneno kama matofali. "Vizuri, kaka, heshima yako ni safi. Lakini basi kama humjui, huwezi kumsemea. Umsemee vipi mtu usiyemjua?"

Walingoja. Felista naye alingoja, kucha zimeingia kwenye gamba la lile gogo. Mvua ilipungua kidogo, kama nayo inataka kusikia.

"Ndivyo," mzee akasema mwishowe. "Ndivyo ilivyo."

Kikao kikafungwa kwa sala.

Godwin alimfuata jikoni, akasimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa amevua vile viatu vyeupe na miguu yake ilionekana midogo. "Usinichukie, mama Atupele," alisema. "Ningefanyaje? Watu wanasema."

"Watu walisema na za kwako, Godwin. Kikao sikuita."

"Nitatuma ada ya mtoto."

"Tuma."

Alitaka amlilie, nadhani, ili naye apate cha kufariji. Felista akaendelea kumenya ndizi. Zilikuwa za chakula cha mzee, mikono ilikuwa imeshazoea. Godwin akaondoka na wengine kwenda kula kwa Jotham, na sauti zao zikapotelea barabarani, ya Subilaga ikiwa ya mwisho kupotea.

Felista aliingia chumbani kwake, akakunja nguo zake, akazitia kwenye mfuko wa salfeti. Hazikuwa nyingi. Ile blanketi ya Atupele akaiacha, akaichukua, akaiacha tena. Alikwenda zizini akampapasa ng'ombe shingoni. Alikwenda mpaka kwenye miparachichi. Mmoja ulikuwa umetoa maua, madogo, ya rangi ya kijani iliyofifia, mtu asiyejua angesema ni majani machanga. Akasimama pale mpaka maji ya matawi yakamlowesha mabega.

Aliporudi sebuleni kuchomoa flashi ya katuni, giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Hakuwasha taa. Nyuma ya mbao kiti kikakwaruza, kikasogea kwenye ukuta kama kila jioni.

"Dereva," sauti ikasema, ndogo, ya kubembeleza. "Leo hawaiweki ile? Tuliachia pale msichana amekuta kofia ya kijana kwenye unga. Sasa si atajua? Dereva, waambie waiweke."

Felista alisimama na ile flashi kiganjani. Mbwa aliinua sikio moja, akamtazama, akatazama ukuta, akashusha sikio.

"Dereva?" mzee akaita tena. "Mbona kimya?"

Hapo Felista akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu ile siku ya gauni la bluu. Aliizunguka mbao, akalivuta pazia la chumba cha baba mkwe wake, akaingia. Chumba kilinuka mafuta ya kuchulia goti. Mzee alikuwa ameketi, sikio limebandikwa ukutani. Alipoona kanga imesimama mbele yake alishtuka, akajifunika uso kwa kofia, akageuka upande wa pili. "Toka," alisema kwenye kofia. "Watu watasema. Toka, mama Atupele, toka."

"Wameshasema."

"Toka nakuomba."

"Nitatoka. Asubuhi napanda gari la Makambako. Chakula chako kiko jikoni, leo sikukiweka kwenye kigoda, utakwenda kukichukua mwenyewe." Aliuona mkono uliokuwa umeishika ile kofia, kwenye vidole palikuwa na mikwaruzo mipya ya majani. Alijua hata leo asubuhi amekata. Hilo ndilo lililomwuma kuliko yote. "Nitazame, baba."

Mzee hakumtazama. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Nilijua waweza kunikatalia shamba," Felista alisema, na sauti yake haikupanda, ilikuwa ile ile ya kueleza picha. "Shamba ni lenu, mwana ni wenu, mimi ni wa kuja. Ningeondoka hata kwa miguu, nisinung'unike. Miparachichi ningewaachia. Nilitaka kitu kimoja tu, baba. Nilitaka uwaambie kwamba ulikuwa unaongea na mimi."